Baba anasema ramani iko kwenye simu, mama ananilipia tuisheni kwa siri

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17 na zimebaki wiki tano nijaze fomu ya masomo nitakayoendelea nayo kwa miaka miwili ijayo. Jiografia na uhasibu vimepangwa kipindi kimoja kwenye ratiba, kwa hiyo nikichukua hiki nakikosa kile. Baba anataka uhasibu. Mimi nataka jiografia, au niseme nilikuwa naitaka mpaka mwezi uliopita.

Somo hili nimelipenda tangu utotoni. Sikuwa mtoto wa kukariri miji mikuu. Nilikuwa yule wa kuuliza kwa nini mto unapindapinda ilhali kunyooka ndiyo njia fupi, na kwa nini upande mmoja wa mlima unapata mvua huku upande wa pili umekauka. Maswali ya kujieleza hayanisumbui. Mtihani uliopita nilipata 78 kwenye karatasi ya mito, miamba na tabianchi. Karatasi ya pili, ya usomaji wa ramani na takwimu, nilipata 31. Muhula wa nyuma yake ilikuwa 33. Yaani nazidi kushuka.

Halafu likaja la mafunzo ya nje ya darasa. Tuligawanywa vikundi vya watu sita, kila kikundi na ramani yake, tukaambiwa tumkute mwalimu mtoni. Mimi ndiye nilishika ramani kwa sababu kila mtu anajua naipenda jiografia. Nikaona kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha mahali penye kimo sawa, zimechongoka kama herufi V, nikasema hili ni bonde, tulifuate litatufikisha mtoni. Halikuwa bonde. Ulikuwa mgongo wa kilima. Tulitembea mpaka mwisho wake, tukasimama juu ya mteremko mkali, maji tunayasikia huko chini lakini hakuna pa kushukia. Mwalimu alitupata baada ya karibu saa mbili. Hakunigombeza. Lakini tangu siku ile darasa zima linaniita "Dira", na wakiniita wanacheka.

Baba alipoona ile 31 alitoa simu mfukoni akasema, "Ramani hii hapa, na inaongea. Inaniambia hapa kata kulia. Wewe utaniambia nini ambacho hii haijui?" Nilikosa jibu. Kwake jiografia ni somo la kukariri majina ya milima, na aliyefeli somo la kukariri ni mvivu tu. (Yeye chuoni alisoma historia, ila hajawahi kufanya kazi inayohusiana nayo.)

Mama alikuwa amenihurumia tangu ile 33, akanitafutia tuisheni. Kwanza nilikwenda kwenye darasa la jioni la watu kama 40. Tulipewa maswali na majibu yake tayari tukariri. Ndiko ilikotoka hiyo 31. Sasa amenipatia dada mmoja anayesoma jiografia chuo kikuu, anakuja nyumbani kila Alhamisi baba akiwa kazini. Baba akiuliza, tunamwambia ni tuisheni ya hisabati, kwa sababu alishasema hawezi kulipia mtu wa kumfundisha binti yake majina ya milima.

Huyu dada hatoi majibu. Ananiuliza "kwa nini?", nikijibu anauliza tena "kwa nini?", akishauliza ananyamaza ananitazama. Alhamisi mbili zilizopita nililia mbele yake. Rafiki yangu anasema mtu mwenye kipaji cha somo hahitaji tuisheni, na nikiihitaji basi niende tu uhasibu. Nimeanza kuamini.

Je, jiografia inafaa kuhangaikiwa hivi? Na nimwambie mama aache kulipa?

Dira (jina langu sasa)

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani naulizwa kuhusu jiografia na uhasibu. Mara ya pili nikaona kuna mambo manne yamefungwa kwenye furushi moja: somo unalolipenda, alama inayokutia aibu, baba ambaye hukuweza kumjibu, na siri ya Alhamisi. Yakikaa pamoja hivyo yanakuwa mzigo mkubwa kuliko yalivyo. Niruhusu niyafungue, tuanze na hiyo aibu, maana naona ndiyo inayoshika usukani kwa sasa.

Ulichokosea kilimani kina jina, na ni kosa la watu wengi. Kontua za bonde na kontua za mgongo wa kilima zote huchongoka kama V. Kwa umbo peke yake huwezi kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni namba: kwenye bonde ncha ya V inaelekea kwenye namba kubwa, yaani juu kunakotoka maji, kwenye mgongo wa kilima inaelekea kwenye namba ndogo. Wewe uliona umbo, hukusoma namba. Ni kosa la sekunde tatu, na wewe umelibeba mwezi mzima kama hukumu ya maisha.

Chukua ukanda wa karatasi, uulaze juu ya ramani ukikatisha lile "bonde" lako kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kila ukingo wa karatasi unapogusa kontua, weka alama na uandike namba yake. Kisha hamishia alama hizo kwenye karatasi ya grafu, kila moja kwenye kimo chake, uziunganishe kwa mstari laini. Katikati mstari utapanda. Utakiona kile kilima kimevimba mbele yako, hata kama bado unakionea uchungu.

Sasa nikuulize: 78 na 31 ni za mtu mmoja. Kwa nini unaiamini 31 peke yake? Zikitazamwa pamoja, alama hizo mbili haziniambii kwamba huna kipaji. Zinaniambia unajua kueleza mambo yanavyotokea duniani lakini bado hujazoea kuyasoma yakiwa yamegeuzwa kuwa mistari, namba na skeli. Lile ni jambo la ufahamu, hili ni la mazoezi ya mkono na jicho. Inawezekana nakosea, mimi sijaziona karatasi zako. Lakini ningekuwa wewe ningetaka kujua alama 69 zilizopotea zilipotelea wapi hasa kabla ya kuamua chochote kwa ajili yake.

Twende kwa baba. Swali lake ni zuri, tena zuri kuliko alivyokusudia. Kweli, simu inajua ulipo na inajua njia. Lakini iulize simu kwa nini mtaa mmoja hufurika kila mvua kubwa na wa jirani unabaki mkavu, au kiwanda kikijengwa hapa maji yake machafu yataishia kwenye visima vya nani. Na hiyo ramani yenyewe mtu aliichora, akachagua kipi kionekane na kipi kipotoshwe. Tazama ramani ya dunia ya kawaida: kisiwa cha Greenland kinakaribia kulingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kwa takriban mara 14. Gerardus Mercator aliyeichora mwaka 1569 hakuwa mjinga. Alikuwa anawachorea mabaharia, ambao shida yao ilikuwa kushika uelekeo mmoja wa dira, si kupima ukubwa wa nchi. Ramani nyingi za kwenye simu zinatumia mchoro wa ukoo uleule. Asiyejua hilo anaamini macho yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa daktari, si wa mwanajiografia. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika eneo la Soho, London. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa unasambazwa na hewa chafu. John Snow yeye aliyashuku maji. Alichukua ramani ya mitaa akachora kistari kimoja kwa kila kifo, mbele ya nyumba kilipotokea. Vistari vikarundikana kuzunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad. Kilichonivutia zaidi ni mahali ambapo vistari havikuwepo: kiwanda cha bia kilikuwa karibu kabisa na pampu ile, lakini wafanyakazi wake walinusurika, maana walikuwa wakinywa bia na maji ya kisima chao. Orodha ya majina ya marehemu isingemwonyesha mtu hayo. Ilibidi vifo viwekwe mahali pake. Na hiyo, mwanangu, ndiyo karatasi ya pili, ile inayokuliza.

Kuna na yule mtoto wa Kiingereza, Tilly Smith, aliyekuwa na miaka 10 tarehe 26 Desemba 2004, akiwa likizo na wazazi wake kwenye ufukwe wa Phuket, Thailand. Aliona bahari inatoa povu na maji yanafanya mambo yasiyo ya kawaida. Wiki mbili tu nyuma darasa lake lilikuwa limefundishwa tsunami kwenye jiografia. Akawashikilia wazazi wake mpaka wakasikia, walinzi wakaarifiwa, watu wapatao 100 wakaondoka ufukweni kabla wimbi halijafika. Sikuambii haya ukamshindie baba mezani. Ukimjia na hadithi ya mtoto aliyeokoa watu atakuuliza, "Sawa, na mshahara?", na hapo nitamtetea kidogo.

Umeandika kwenye mabano kwamba baba alisoma historia na hajawahi kuifanyia kazi. Umelitaja ukapita. Mimi nimebaki hapo. Unadhani anadharau jiografia, lakini je, kama anaogopa? Mtu aliyewahi kulipenda somo na somo lisimlipe anaweza kumcheka mtoto wake kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kusema, "Nisingependa yakukute yaliyonikuta." Simjui baba yako, sitamsemea. Ila hofu yake, kama ni hiyo, si ya bure. Matangazo ya kazi yaliyoandikwa "anahitajika mwanajiografia" ni machache. Kazi zenyewe zipo, zimejificha chini ya majina mengine: mipango miji, utabiri wa hali ya hewa, usimamizi wa maji, maandalizi ya maafa, uchukuzi, bima inayotaka kujua nyumba ipi iko njiani kwa mafuriko, uchambuzi wa picha za satelaiti. Na nyingi kati ya hizo zinaanzia palepale ulipopata 31, kwenye ramani, takwimu na kompyuta. Ukichagua jiografia kwa kutumaini utaishi upande wa 78 tu, utaumia baadaye.

Uhasibu nao usiuone adui. Mwenye kusoma hesabu za fedha vizuri hakosi pa kushika, na hakuna anayezuiwa kusoma kuhusu mito jioni. Kinachonitia wasiwasi ni sababu. Kuuchagua kwa kuwa unakuvutia, au kwa kuwa umepima ukaona unafaa, ni jambo moja. Kuukimbilia kwa kuwa darasa linakucheka kwa lile la kilimani ni jingine, na huko uhasibuni nako ipo siku utakosea mbele za watu.

Nije kwenye tuisheni, ambako nina la kusema kirefu kidogo, maana niliwahi kufundisha watoto jioni nikiwa kijana na makosa ya pande zote mbili nayajua.

Rafiki yako anasema mwenye kipaji hahitaji mwalimu wa ziada. Mbona wakimbiaji bora wana makocha? Tuisheni haipimi akili ya mtu. Inafanya kazi moja ambayo darasa kubwa haliiwezi: kuona mwanafunzi amekosea vipi. Chukua swali hili la kawaida. Mahali A pako longitudo 30 mashariki na ni saa 6 mchana. Mahali B pako longitudo 45 magharibi. Huko ni saa ngapi? Jibu ni saa 1 asubuhi: tofauti ni nyuzi 75, kila nyuzi 15 ni saa moja, kwa hiyo saa tano, na magharibi wako nyuma. Sasa tazama waliokosa. Aliyeandika saa 11 jioni anaijua hesabu yote, amegeuza upande tu. Aliyeandika saa 5 asubuhi ametoa 30 kwenye 45 badala ya kujumlisha, hajauona mstari wa Greenwich, yaani longitudo 0, uliokaa katikati. Wote wawili wanapata alama nyekundu ya kosa ileile, kumbe mmoja anahitaji dakika moja na mwingine anahitaji kushikishwa chungwa achore mistari juu yake. Kwenye lile darasa lako la watu 40 wote wangepewa "saa 1 asubuhi" wakariri, na mtihani ukibadilisha namba wote wanaanguka.

Ndiyo maana huyu dada wa Alhamisi sitaki kumtupa haraka. Kuuliza "kwa nini" halafu kunyamaza ni ishara ya mwalimu anayetaka kuona unavyofikiri. Ukimya ule unakutisha kwa sababu umezoea mtu kukujazia jibu. Lakini pia mwanafunzi kulia si kipimo cha somo zuri. Inawezekana hajui kwamba ulishaumia kilimani kabla hajafika. Je, ulimwambia? Inawezekana vilevile anajua jiografia sana kuliko anavyojua kufundisha, jambo linalowapata wasomi wengi vijana. Njia ya kujua ni kumwambia kitu kimoja cha wazi: "Ukiniuliza mara tatu nikikwama, nionyeshe mfano mmoja, halafu niulize tena." Mwalimu mzuri atashukuru kwa kuelekezwa. Anayenuna umeshamjua.

Zipo njia nyingine na kila moja ina gharama yake. Unaweza kumfuata mwalimu wako wa darasani na ile karatasi ya 31 mkononi, mpitie swali kwa swali. Ni bure, na yeye ndiye anayejua mtihani unavyosahihishwa. Gharama yake ni kuvumilia kukaa mbele ya mtu aliyekukuta umepotea. Unaweza kutafuta wenzako wawili mkae na ramani moja mkiulizana. Hiyo huenda vizuri wote wakiwa wanasoma, na huharibika upesi mmoja akigeuka kuwa mwalimu na wengine wasikilizaji. Au umfundishe mtoto wa madarasa ya chini kontua. Usicheke, hakuna kinachofichua pengo la mtu upesi kama mtoto anayeuliza swali lake la pili. Na kabla ya yote, kuna aliyeuliza shuleni kama kweli ratiba haiwezi kusogezwa? Wakati mwingine mtu hujikatalia mwenyewe ombi ambalo hajawahi kulipeleka.

Limebaki la siri, na hapa naenda polepole kwa sababu mama yako alifanya kwa upendo. Hebu itazame siri hiyo mbele ya safari. Alama zikipanda, mtamwambiaje baba zimepandaje? Atakumbuka "hisabati" na furaha yako itageuka kesi ya mama. Zisipopanda, utabeba kufeli na pesa ya mama kwa pamoja, na nahisi mzigo huo umeshaanza kuubeba. Pengine ndio unaokuliza kuliko maswali ya huyo dada. Kwa upande mwingine, kumwambia baba leo kunaweza kuzima Alhamisi zote, na kutamuumbua mama kabla hajajiandaa. Kwa hiyo anayepaswa kusikia kwanza kwamba siri inakuelemea ni mama mwenyewe. Nyinyi wawili ndio mtajua lini baba anafaa kuambiwa, na nani aseme. Mkifika hapo, kuna ukweli mdogo unaoweza kuwasaidia: skeli, longitudo, wastani na grafu ni hisabati. Hautaufuta uongo, lakini unaweza kumfanya baba atake kuona mnafanya nini hasa.

Hujaniambia mama anafikiri nini kuhusu uhasibu, wala wewe mwenyewe ukiamka asubuhi ambayo hakuna aliyekucheka unataka nini. Wiki tano zinatosha kufanya karatasi mbili za ramani za miaka iliyopita, moja sasa na moja siku chache kabla ya fomu, na kulinganisha umekosea nini, si umepata ngapi tu.

Na Alhamisi hii, mpe yule dada ramani mliyopotea nayo. Usimsimulie lolote. Mwonyeshe zile V na umwombe mzisome pamoja, halafu uangalie kama kidole chake kinakwenda kwanza kwenye umbo au kwenye namba.

Shangazi